Msuguano Una Kiasi Chake

Vijana wangu mlioshika usukani, kila lori linapopinduka mteremkoni jibu lenu huwa moja: breki zimekataa. Nimelisikia Kitonga, nimelisikia Sekenke, nimelisikia Inyala kule Mbeya, na wenzetu wa Kenya wamelisema mara nyingi pale Salgaa. Polisi wanaliandika, magazeti yanalichapa, na sisi tunazika. Mimi niliyeendesha malori miaka mingi kati ya bandari ya Dar es Salaam na Tunduma, kisha nikawafundisha wengine kuyaendesha, nawaambia bila kuficha: mara nyingi breki hazikukataa. Zilifanya kazi mpaka zikafika mwisho wa uwezo wake, na aliyezifikisha huko ni dereva.

Nataka mjue uwezo huo unatoka wapi na unaishia wapi. Si lazima mtu awe mhandisi ndipo aendeshe gari. Lakini anayeshusha makumi ya tani mlimani bila kujua msuguano ni kitu gani, huyo anabahatisha roho za watu, ya kwake ikiwamo.

Tuanzie chini, kwenye tairi. Injini haisukumi gari. Injini inazungusha gurudumu tu. Kinacholisukuma gari ni lami. Gurudumu linataka kuipeleka lami nyuma, lami inagoma, na kule kugoma kwake ndiko kunakolipeleka gari mbele. Kumbukeni lori lililonasa kwenye tope la masika: injini inanguruma, magurudumu yanazunguka, tope linaruka hadi juu ya turubai, na gari liko palepale. Injini ni ileile ya jana. Kilichokosekana ni cha kugomea. Breki nazo ni hivyohivyo. Breki zinasimamisha gurudumu. Gari linasimamishwa na lami. Na sehemu ya tairi moja la gari dogo inayogusa lami haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Gari zima, pamoja na mama na watoto waliomo ndani, limeshikwa na barabara kwa viganja vinne.

Huko kugoma ndiko msuguano. Ni kani inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze kimoja juu ya kingine, na siku zote huelekea kinyume cha upande ambao kitu kinataka kutelezea. Bila hiyo usingetembea, usingeshika kalamu, msumari usingekaa ukutani, fundo la kamba lingefunguka lenyewe.

Watu wameichunguza kani hii tangu zamani. Leonardo da Vinci aliandika juu yake kwenye daftari zake zaidi ya miaka 500 iliyopita, ila hakuzichapisha. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza mbele ya chuo cha sayansi cha Paris mambo mawili ambayo hadi leo yanafundishwa. La kwanza, msuguano hukua sawasawa na uzito unaokandamiza: ukiongeza mzigo mara mbili, msuguano nao huwa mara mbili. La pili ndilo lililowashangaza hata wenzake: ukubwa wa eneo linalogusana hauna neno. Tofali ukiliburuta limelala au limesimama, nguvu unayotumia ni ileile.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu kamili lilichelewa sana. Lilitolewa na Frank Philip Bowden na David Tabor, waliofanya kazi Cambridge, ambao kitabu chao kikubwa juu ya msuguano na vilainishi kilitoka mwaka 1950. Walionyesha kwamba vitu viwili tunavyodhani vimegusana kila mahali, kwa kweli vinagusana kwenye ncha ndogondogo tu. Chuma kilichonolewa kikang'aa, ukikitazama kwa hadubini, ni vilima na mabonde. Unapokiweka juu ya chuma kingine, vilima vichache ndivyo vinavyokutana, na eneo linalogusana kweli ni sehemu ndogo mno ya lile tunaloliona kwa macho. Pale kwenye ncha, mkandamizo ni mkubwa kiasi kwamba chuma kinabonyea na atomu za upande huu zinashikana na za upande ule. Kuteleza maana yake ni kuzikata shikizo hizo. Ukiongeza uzito, ncha zinabonyea zaidi, na eneo la kweli linakua. Ndiyo sababu uzito una neno, na upana wa tofali hauna.

Wengi wetu shuleni tuliambiwa kwamba msuguano ni mikwaruzo tu, na kwamba kitu laini hakina msuguano. Si kweli. Karakana nzuri zina vipande vya chuma vya kupimia vilivyosuguliwa mpaka vikawa bapa kabisa. Ukivibandika viwili, vinaganda na hutavitenganisha kwa kuvivuta moja kwa moja. Ulaini uliopitiliza nao huleta kushikana. Mpira wa tairi una tabia ya ziada: unabonyea ndani ya vijiwe vya lami, unavikumbatia, na unapojinyoosha haurudishi nishati yote uliyopewa. Hiyo inayobaki inakuwa joto. Kwa hiyo ile kanuni ya Amontons kwa tairi si kamili kama ilivyo kwa tofali, lakini msingi wake unabaki: barabara hukushika kulingana na uzito ulio juu ya tairi na hali ya nyuso mbili zinazokutana. Nguvu ya mguu wako juu ya pedali haimo kwenye hesabu hiyo.

Hapo wengi ndipo wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sukuma kabati zito sakafuni. Mwanzo halitikisiki. Unaongeza nguvu, nalo linakugomea kwa kiasi kilekile unachoongeza, mpaka ghafla linaachia, na likishaanza kwenda unashangaa limekuwa jepesi. Charles-Augustin de Coulomb, Mfaransa mwingine, alilichunguza hilo kwa majaribio mengi na maandiko yake yakachapishwa mwaka 1785: msuguano wa vitu vilivyotulia ni mkubwa kuliko wa vitu vinavyoteleza. Sasa tazama tairi linalozunguka vizuri. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, lakini ile sehemu ya tairi iliyo chini, kwa nukta ile inayogusa lami, haiendi popote. Inakanyaga na kunyanyuka, kama unyayo wako unapotembea. Kwa hiyo tairi linalozunguka linafaidi ule msuguano mkubwa, wa kutulia. Ukikanyaga breki mpaka gurudumu likajifunga, tairi linaanza kuburutwa, na wewe kwa mguu wako mwenyewe umebadilisha msuguano mkubwa kwa mdogo. Zaidi ya hapo, gurudumu lililofunga halina uelekeo: hata ungezungusha usukani mpaka mwisho, gari litafuata njia liliyokuwa nayo. Ile michirizi myeusi mnayoionyesha barabarani kama ushahidi kwamba dereva alijitahidi, mimi naisoma vingine. Ni alama ya mahali alipoachwa na barabara.

Mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ambao kampuni ya Bosch iliuleta kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, haufanyi muujiza wowote. Unalegeza na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde ili tairi libaki ukingoni mwa kuteleza bila kuvuka. Ukihisi pedali inatetema chini ya mguu, usiiachie. Mfumo uko kazini.

Nanyi wa bodaboda, sikilizeni. Wengi mnaiogopa breki ya mbele kama nyoka, mnakanyaga ya nyuma peke yake. Pikipiki inapofunga breki, uzito mwingi hulalia mbele. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na mmeshasikia kwamba msuguano hufuata uzito. La nyuma likibanwa linateleza mapema, pikipiki inayumba mkia, abiria anaruka. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, ikibanwa polepole kisha kwa nguvu, pamoja na ya nyuma. Kwenye mchanga na changarawe ibaneni kwa adabu sana, maana pale hamko juu ya barabara. Mko juu ya punje zinazobingirika. Jifunzeni uwanjani, peke yenu, bila abiria.

Sasa mwendo. Msuguano una kiasi chake, lakini nishati ya gari hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Chukua gari dogo lenye matairi mazuri kwenye lami kavu. Likiwa na kilomita 40 kwa saa, tangu breki zilipokamata mpaka kusimama ni kama mita 9. Likiwa na 80, ni kama mita 36. Hapo sijahesabu sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa mwendo wa 80 hula mita 22 kabla mguu haujafika kwenye breki. Lori huchukua zaidi, maana matairi yake hayashiki sana na upepo wa breki nao huchelewa kidogo kufika kwenye tela.

Kuna hesabu moja napenda kila dereva alale nayo. Magari mawili yako ubavu kwa ubavu, moja lina 50, jingine lina 80. Mtoto anakatiza. Wote wawili wanabana breki kwa pamoja, mahali pamoja. Wa 50 anasimama baada ya mita 14. Wa 80 akifika hapohapo bado ana zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Sheria yetu inaposema 50 kwenye makazi, haikutungwa ili askari apate cha kuandika.

Na hayo ni kwenye kavu. Mvua ikinyesha, mshiko wa lami unaweza kushuka hadi karibu nusu, na zile mita 36 zikawa zaidi ya 60. Mvua ya hatari kuliko zote si ile kubwa ya siku ya tatu. Ni manyunyu ya kwanza ya vuli, baada ya miezi ya jua, yanapokutana na vumbi, oili na unga wa matairi uliolala barabarani. Vikichanganyika vinakuwa utelezi mtupu. Subirini mvua ioshe barabara kwanza. Mifereji ya tairi nayo si mapambo: ndiyo inayoyatoa maji chini ya mpira ili mpira uguse lami. Tairi jipya la gari dogo lina mifereji ya kina cha kama milimita 8. Ulaya, likifika milimita 1.6 ni kosa kulitembeza. Tairi kipara likikutana na dimbwi kwa kasi, maji hayapati pa kwenda, yanalinyanyua, na wewe unaelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla. Madereva wengine hudhani gari limekuwa tamu.

Siku moja kijana aliyemaliza kidato cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati (PCM), alinijia gereji. Alikuwa ameanza kazi ya utingo akisubiri mambo ya chuo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, mnatusumbua bure na habari za mzigo. Fizikia inasema uzito unajifuta wenyewe. Lori likiwa zito, msuguano nao unaongezeka kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo lililojaa na lililo tupu yanasimama umbali mmoja."

Nilifurahi, kwa sababu alikuwa ametumia akili yake na sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli. Kati ya tairi na lami, uzito kweli unajifuta. Lakini lori lina misuguano miwili, na aliusahau wa pili. Kuna msuguano wa tairi na lami, na kuna msuguano wa lainingi na dramu ndani ya gurudumu. Wa kwanza unakua mzigo unapokua. Wa pili haukui. Lainingi ni zilezile, dramu ni zilezile, mtungi wa upepo ni uleule, ukibeba tani 10 au 40. Na kazi yote ya kulizuia lori mteremkoni inafanyika humo ndani ya dramu. Kijana alinyamaza, kisha akaomba kalamu. Tukapiga hesabu pamoja juu ya kipande cha boksi, nami nawapigieni tena hapa.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Tuseme unashuka mlima ambao juu na chini vinatofautiana mita 300, kwa mwendo usiobadilika. Nishati yote iliyokuwa imehifadhiwa na ule urefu lazima iende mahali. Ni megajuli 165. Upepo unaolipiga gari na kubonyea kwa matairi vinachukua sehemu ndogo. Zinabaki kama megajuli 140. Ukiziachia breki peke yake kazi hiyo, zote zinageuka joto ndani ya dramu.

Kwamba msuguano huzaa joto babu zetu walijua. Walipekecha ulindi juu ya uwimbombo mpaka moto ukashika. Kwamba joto hilo halina mwisho maadamu unaendelea kusugua, hilo lilionyeshwa vizuri na Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alipokuwa akisimamia utengenezaji wa mizinga mjini Munich. Aliona jinsi mzinga unavyopata moto unapotobolewa. Akaufunga mzinga ndani ya sanduku la maji, akaweka kekee butu, farasi wakazungusha. Baada ya saa mbili na nusu maji yalichemka, bila moto wowote, watu wakitazama kwa mshangao. Aliieleza habari hiyo mwaka 1798. Nishati ya kazi ilikuwa imegeuka joto.

Zile megajuli 140 zingetosha kuchemsha zaidi ya lita 400 za maji ya bombani. Lakini breki hazina maji, zina chuma. Lori la ekseli saba lina dramu 14. Tuseme kila moja ina kilo 45. Chuma hicho chote, kikipewa joto lile bila nafasi ya kupoa, kinapanda zaidi ya nyuzi 400. Kijana wa PCM alirudia kugawanya, akapata jibu lilelile.

Kwa joto hilo mambo matatu hutokea, na yote hutokea kimya. Kwanza, gundi inayoshikilia lainingi huanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano kati ya lainingi na dramu unashuka. Unakanyaga vilevile, unapata kidogo. Pili, dramu inatanuka. Dramu ya kipenyo cha milimita 410 ikipanda nyuzi 300 hutanuka kwa zaidi ya milimita moja, inaikimbia lainingi, na breki ambazo fundi hakuzirekebisha vizuri zinafika mwisho wa mkono wake kabla hazijagusa sawasawa. Tatu, kwa magari madogo yenye breki za mafuta, joto hufika kwenye mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa miaka inavyopita, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka: aina ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama mpaka sakafuni.

Harufu ile ya kuungua mnayoisikia nusu ya mlima, ambayo wengine wanafunga kioo ili isiwasumbue, ndiyo habari ya kwanza. Moshi ni habari ya pili. Ya tatu hamtapata nafasi ya kuisimulia.

Kwa hiyo mlima hushukwa kwa gia. Ukiwa kwenye gia nzito na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inakuwa mzigo kwao: inavuta hewa, inaibana, inasuguana ndani kwa ndani, na joto lake linatoka kwenye rejeta na ekzosi, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya kutoa joto. Ukiongeza breki ya ekzosi, sehemu kubwa ya kazi inafanyika bila dramu kuguswa. Gia hiyo ichagueni juu, kabla ya mteremko kuanza. Gari likishashika kasi, gia nzito haitaingia, na mkijaribu mnabaki katikati bila gia yoyote. Breki zitumieni kwa vipindi: bana kwa nguvu mpaka mwendo ushuke, achia kabisa, acha dramu ipate hewa, kisha bana tena. Kuburuta breki kidogokidogo mlima mzima ndiko kunakozichoma. Mkifika mahali pa kupumzikia, pumzikeni. Na msimwage maji juu ya dramu yenye moto; chuma hicho kinapasuka, na ufa wake utawangojea mlima unaofuata.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Kuna mchezo wa kuweka gia frii mteremkoni. Utingo anausifia, dereva mzee anamrithisha kijana, na kituoni watu wanahesabiana lita walizookoa. Gari linashuka kimya, injini inaunguruma taratibu, na breki zimeachiwa kila kitu. Wengine wanazima kabisa, na kwa kuzima wanaua pampu ya usukani na kompresa inayojaza upepo wa breki.

Hizo lita hamziokoi. Kwenye injini za kisasa, gari likishuka ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya pedali, mfumo wa mafuta unakata dizeli. Magurudumu yanaizungusha injini bure. Ukiweka frii, injini inabaki peke yake na lazima inywe dizeli ili isizimike. Anayeshuka frii anatumia mafuta mengi kuliko anayeshuka na gia. Akipata faida yoyote, ni ule mwendo anaoubeba kwenye tambarare chini ya mlima, mwendo ambao hana namna ya kuusimamisha.

Mnaotaka kuokoa mafuta kwa haki, mahali pa kuokolea papo, na ni kwenye msuguano huohuo. Watafiti Kenneth Holmberg na Ali Erdemir walikadiria mwaka 2012, pamoja na wenzao, kwamba kama theluthi moja ya nishati ya mafuta kwenye gari dogo hupotelea kushinda msuguano wa injini, gia, matairi na breki. Humo ndimo mwa kuvunia. Jazeni matairi upepo unaotakiwa, maana tairi legevu linabonyea na kula mafuta kila mzunguko. Badilisheni oili kwa wakati, ili chuma kisikutane na chuma. Pigeni grisi beringi. Angalieni kama kuna breki inayoshika wakati hamjaikanyaga: guseni rimu zote mkisimama, na moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hiyo inawaibia dizeli na itawachoma. Anayefanya haya ataokoa zaidi ya mwenye kucheza frii, na atarudi nyumbani.

Lakini najua kwa nini mnacheza. Dereva anapewa dizeli ya kupimwa, safari ni ndefu, foleni ya mizani na ya mpakani haikuhesabiwa, na kinachopungua kinakatwa kwenye posho. Nimeona hesabu za namna hiyo kwa macho yangu. Kwa hiyo neno langu la mwisho si kwenu ninyi vijana peke yenu. Ninyi wenye malori, mnaotuma kijana wa miaka 25 na tani 56 ashuke Kitonga usiku: mpeni dizeli inayotosha, mlipieni lainingi mpya kabla ya zilizopo kufikia ribiti, na msimkate senti kwa saa aliyosimama kupoza breki. Nawe kijana, kama tajiri yako hataki hayo, mwachie funguo zake mezani.